Khofu ya Mauti Kabla ya Kupasuliwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, Aliyejaalia maradhi akajaalia na dawa pamoja nayo. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Haya ni maneno machache kwa ndugu Waislamu wa Mkongo na wa bonde lote la Rufiji, toka Utete na Ikwiriri hata Kibiti na visiwa vya delta, juu ya jambo liwasumbualo wanaume wengi na walitajao ni wachache: khofu ya kufa imshikayo mtu anapoambiwa na tabibu kwamba dawa ya maradhi yake ni kupasuliwa. Wapo wenye ngiri, na wapo katika miji mikubwa hata wenye unene uliozidi mpaka ukawa maradhi, nao hupasuliwa tumbo ili mwili upungue na roho ipate nafasi. Khofu ya wote hao ni moja. Lakini katika pwani hii maradhi yaliyo mashuhuri zaidi katika mlango huu ni busha. Kwa hiyo maneno haya yamejengwa juu ya busha, na mwenye maradhi mengine apime mambo yake kwa hayo.

MARADHI YENYEWE

Busha ni maji yakusanyikayo baina ya tabaka mbili za ngozi nyembamba iliyoizunguka korodani. Katika nchi za pwani sababu yake kubwa ni mnyoo mwembamba kama uzi, ambao mbu ndiye autiaye katika mwili wa mtu. Mnyoo huo hukaa miaka mingi katika mishipa ya maji ya mwili, ukazaa vijidudu vitembeavyo katika damu wakati wa usiku. Akija mbu akamwuma mtu huyo huvichukua, akavipeleka kwa mwingine. Ni mnyoo huo huo uletao matende. Khabari ya kuwa mbu huvipokea vijidudu hivyo katika damu ya mtu iligunduliwa na tabibu Patrick Manson katika mwaka 1877, alipokuwa Amoy katika nchi ya China. Basi busha halitokani na kunywa madafu kama wasemavyo watu, wala si tego, wala si alama ya dhambi aliyoitenda mtu kwa siri. Ni maradhi kama maradhi mengine. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba wanaume wapatao 25,000,000 duniani wanayo.

Katika mwaka 2000 Tanzania ilianza kuwagawia watu dawa za kuyakomesha maradhi haya, na pa kwanza palikuwa kisiwa cha Mafia, kinachotazamana na midomo ya mto Rufiji. Kisha kazi hiyo ikaenea bara. Dawa hizo, ambazo ni ivamektini na albendazoli, huviua vijidudu vilivyo katika damu, na kwa hivyo huwakinga watoto na majirani. Lakini busha lililokwisha kukua hazilikaushi. Na mwenye kuyatoa maji kwa sindano tu, aghlabu hujaa tena, na huenda sindano hiyo ikatia uchafu ukaleta usaha. Dawa ya busha lililokua ni tabibu kulipasua, akaitoa au akaipindua ile ngozi inayoyashika maji, kisha akashona.

Lakini mtu huambiwa haya, akarudi nyumbani, akakaa mwaka, na mwaka wa pili, na wa kumi. Hushona kanzu pana ili asionekane. Akienda msikitini huchagua safu ya nyuma, kwa kuwa kurukuu na kusujudu ni mashaka kwake, na kukaa tahiyatu ni mashaka zaidi. Shamba huwaachia watoto. Harusini haendi, matangani haendi. Na mwenye nyumba hulala kwake kama mgeni. Akiulizwa, husema: «Namngoja Mungu.» Na kwa hakika lililomkalisha ni khofu, naye ameivika kilemba cha tawakali.

KUOGOPA MAUTI SI KUKOSA IMANI

Jambo la kwanza lipasalo kujulikana ni kwamba khofu yenyewe haina lawama. Mwenyezi Mungu ametoa khabari katika Sura ya Taha kwamba Nabii Musa, naye ni katika Mitume wakubwa, aliona khofu nafsini mwake siku ya wachawi wa Firauni; wala Mola wake hakumkaripia kwa khofu hiyo, bali alimtuliza na kumwamuru aitupe fimbo. Musa hakungoja khofu iondoke ndipo atende. Alitenda, na khofu ikaondoka baadaye.

Na Mtume (S.A.W.) alipowafundisha watu kwamba mwenye kupenda kukutana na Mwenyezi Mungu, Mwenyezi Mungu naye hupenda kukutana naye, Bibi Aisha (R.A.) alishtuka, akasema kwamba sote tunayachukia mauti. Mtume akambainishia kwamba makusudio yake siyo hayo; makusudio ni hali ya Muumini pale anapofikiwa na ajali yake, akabashiriwa rehema, ndipo apendapo kukutana na Mola wake. Basi ikiwa Mama wa Waumini alisema hivyo wala hakulaumiwa, mkulima wa Mkongo asijidhanie kuwa ni mnafiki kwa kuwa moyo wake wadunda anapoiwaza meza ya tabibu. Mwenye moyo usiodunda kwa kufikiri mauti, aghlabu ni kwamba hajayafikiri.

Na khofu hii ina asili ya kweli. Wazee waliopita hawakuwa waoga bure. Kabla ya mwaka 1846, ulipoonyeshwa hadharani katika mji wa Boston, Marekani, mvuke wa etha umlazao mgonjwa, mtu alikatwa naye macho, ameshikwa na watu. Urwa bin Zubeir, mwanachuoni mkubwa wa Madina na mwana wa Bibi Asmaa binti Abubakar, alikatwa mguu katika safari ya Sham, na yasimuliwa kwamba alikataa kunywa cha kumpoteza akili, akasubiri kwa kumtaja Mola wake. Na hata baada ya etha kupatikana, wengi walikufa kwa vidonda kuoza, mpaka tabibu Joseph Lister alipotangaza katika mwaka 1867 njia ya kuua uchafu wa vidonda kwa dawa. Khofu ya babu ilikuwa na haki yake. Lakini mjukuu ameirithi khofu bila ya kutazama kwamba lililoogopwa limebadilika.

HOJA YA KUDRA

Uchukuliwe mfano wa mtu wa Mkongo, mkulima wa mpunga, mwenye busha la miaka kumi na miwili. Mpwawe akamwendea baada ya sala ya alasiri, akamwamkia, akamwambia: «Mjomba, jina lako limekwisha andikwa Utete. Siku yako ni Jumatatu.»

Mjomba akajibu: «Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Lakini ajali haina hospitali. Siku yangu ikifika itanikuta hapa hapa barazani. Kwa nini niufuate mbali, ng'ambo ya mto?»

Kijana akasema: «Kweli, mjomba, ajali haina hospitali. Lakini mwaka jana mto ulipojaa ulinikemea kwa kuuacha mtumbwi bila ya kuufunga. Nikakwambia kwamba Mungu ataulinda. Ukaniambia Mungu hakunipa mikono ya kupangusia jasho tu. Mtumbwi wafungwa, mjomba, na mwili je?»

Maneno ya kijana huyu ndiyo mafundisho ya Mtume (S.A.W.), alipomwamuru bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo ategemee. Na Seyyidna Umar bin Khattab (R.A.), yapata mwaka 639, alikuwa akienda Sham na jeshi, akakutwa njiani na khabari kwamba nchi imeingia tauni. Akashauriana na watu, kisha akaazimu kurudi. Abu Ubeida akamwuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba naam, wanaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kudra ya Mwenyezi Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bondeni, upande mmoja majani na upande mmoja ukavu: achungapo penye majani ni kwa kudra, na achungapo penye ukavu ni kwa kudra vile vile. Basi aliyekaa barazani na busha lake, na aliyevuka mto kwenda Utete, wote wawili wamo ndani ya kudra. Kudra haimwamuru mtu akae. Aliyemwamuru akae ni nafsi yake.

Na akisema: «Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Bakara mtu kujitupa kwa mikono yake katika maangamizi,» ajibiwe kwamba aya hiyo ilitumiwa vile vile mbele ya kuta za Konstantinopoli, watu walipomwona mtu mmoja akiwashambulia maadui peke yake. Akasimama Abu Ayub Al-Ansari (R.A.), akawafahamisha kwamba aya ilishuka juu yao wao Ansari, walipotaka kukaa nyumbani kutengeneza mashamba yao na kuacha lililowapasa. Maangamizi, kwa ufahamu wa sahaba huyo, yalikuwa ni kukaa. Ama mwenye kujitupa kweli kweli ni yule ajipelekaye kwa mtu asiye na elimu, akamchanja na kumchoma kwa chuma kichafu nyuma ya nyumba, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake.

Na akisema: «Kisu ni mambo ya Wazungu,» ajibiwe kwamba Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliumikwa, na alipougua Ubayy bin Kaab alimpelekea tabibu, akamkata mshipa, kisha akamchoma mahali hapo. Na Abul Kasim Az-Zahrawi wa Kurtuba, aliyekufa yapata mwaka 1013, aliandika kitabu cha utabibu chenye sehemu 30, na ya mwisho ni ya kupasua, akachora ndani yake picha za vyombo vya kazi hiyo. Na matibabu ya busha ni katika aliyoyaeleza. Wazungu walikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini, wakasoma kwacho kwa karne nyingi. Basi kisu hiki kilikuwa katika mikono ya Waislamu zamani.

Yatazamwe tena maisha ya Rufiji yenyewe. Mtu huvuka kwa mtumbwi mto wenye mamba na viboko. Hulala katika dungu, miezi ya mpunga kukomaa, akiwinga nguruwe. Katika miaka ya 2002 hata 2004 simba waliwaua watu wengi katika wilaya hii. Watu waliogopa, na haki yao kuogopa, lakini mpunga uliendelea kulimwa, kwa kuwa watoto hawali khofu. Mwanamume huyu aliyeushinda mto na simba ashindwe na chumba chenye taa, na tabibu aliyesoma, na muuguzi asimamaye kichwani pake akihesabu pumzi zake?

Na mauti hayakai katika kisu. Khalid bin Walid aliingia vita visivyohesabika, mwili wake ukajaa makovu ya panga na mikuki, kisha akafa juu ya kitanda chake, yapata mwaka 642. Na wanafiki waliposema baada ya vita vya Uhud kwamba lau wangalisikilizwa wasingaliuawa hapo, Mwenyezi Mungu aliwajibu katika Sura ya Al-Imran kwamba lau wangalikuwa majumbani mwao, wale walioandikiwa kufa wangalitoka wenyewe wakaenda mahali pao pa kuangukia.

MATAWI YA KHOFU

Turejee kwa yule mjomba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: «Mwanangu, sikiogopi kisu. Naogopa kulala nisiamke, na nyuma yangu mambo hayajakaa sawa.»

Hapo ndipo ukweli ulipotoka. Khofu ya mauti ni mti mmoja wenye matawi mengi, na mtu huushindwa kwa kuwa ataka kuung'oa wote kwa mara moja. Akiyatenga matawi, ataona kwamba mengi yana dawa yake.

Tawi moja ni uchungu. Dawa yake ni kujua. Aghlabu katika kazi hii tabibu humpiga mtu sindano ya ganzi, ama mahali penyewe ama mgongoni, akawa hasikii kitu upande wa chini naye yu macho. Aweza kuleta dhikri tangu mwanzo hata mwisho.

Tawi la pili ni haya, kwamba atafunuliwa tupu yake. Dawa yake ni elimu ya dini. Maulamaa wamekubaliana kwamba tabibu yajuzu kwake kutazama na kugusa kwa kadiri ya haja ya tiba. Na ikiwa muuguzi ni mwanamke, Bibi Rubayyi binti Muawwidh alisimulia kwamba wao wanawake walitoka pamoja na Mtume (S.A.W.) vitani, wakiwanywesha watu maji na kuwahudumia majeruhi. Mgonjwa aweza kuomba mwanamume kwa adabu. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake.

Tawi la tatu ni kuogopa kuondolewa uanaume. Wengi hili ndilo lililo moyoni mwao, nalo halipiti mdomoni. Kitolewacho ni maji na ngozi iyashikayo. Korodani hubaki mahali pake. Na mwenye shaka amwulize tabibu waziwazi kabla ya siku, wala asiulize barazani kwa wasiojua.

Tawi la nne ni mauti yenyewe. Hapa yapasa kusemwa kweli bila ya kuongeza wala kupunguza. Hakuna kupasuliwa kusiko na khatari kabisa. Huenda damu ikatoka zaidi, huenda kidonda kikaingia usaha, huenda uvimbe ukakawia, huenda maji yakarudi. Lakini kufa kwa ajili ya kupasuliwa busha, kwa mikono ya waliosoma na katika mahali safi, ni nadra sana. Na khatari hiyo ndogo hupungua zaidi mgonjwa asipomficha tabibu kitu. Amweleze kama ana maradhi ya sukari, au shinikizo la damu, au pumu. Kama alipata kudhurika kwa dawa yoyote. Na kama anatumia dawa, ziwe za dukani au za miti shamba. Na akiambiwa asile wala asinywe tangu saa fulani, asile wala asinywe, kwani tumbo lenye chakula laweza kumdhuru mtu aliyetiwa dawa ya usingizi. Mwenye kuficha kwa khofu ya kurudishwa nyumbani ameiongeza khatari aiogopayo.

Tawi la tano ni mambo yasiyokaa sawa: deni, na watoto, na watu waliokosewa. Na tawi hili ndilo zito kuliko yote. Dawa yake haimo hospitalini. Imo mkononi mwa mtu mwenyewe.

KISA CHA SAAD BIN ABI WAKKAS

Katika mwaka wa Hija ya Kuaga, nao ni mwaka 632, Saad bin Abi Wakkas (R.A.) aliugua Makka ugonjwa mkubwa, akadhani kwamba amefika mwisho wake. Mtume (S.A.W.) akaja kumtazama. Saad hakuficha khofu yake. Akasema kwamba ana mali, na mrithi wake ni binti mmoja tu. Akauliza kama ausie theluthi mbili za mali yake. Mtume akamkatalia. Akauliza nusu, akamkatalia. Ndipo akamruhusu theluthi, akamwambia kwamba theluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wamejitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyoshea watu mikono.

Yatazamwe vizuri aliyoyafanya Mtume. Hakumwambia Saad, «Usiseme maneno ya kufa, ni mkosi.» Wala hakumwambia, «Hakika utakufa.» Alimsikiliza, akamtengenezea wasia wake kama mtu atakayekufa, kisha akamtia tumaini kama mtu atakayeishi, akamwambia kwamba huenda akabakishwa, watu wakanufaika naye. Na ikawa hivyo. Saad aliyeandika wasia akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya siku hiyo, akaliongoza jeshi la Kadisiya, akaujenga mji wa Kufa, na yule aliyekuwa na binti mmoja akazaa wana wengi.

Basi hii ndiyo njia: kujiandaa kama mwenye kufa, na kwenda kama mwenye kuishi. Wasia hauiti mauti. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa kwake, na hili ni kwa kila mtu, mwenye afya na mgonjwa. Aliyeitwa hospitali amekumbushwa tu wajibu aliokuwa nao tangu zamani. Wengi ambao hawakuitwa na tabibu yeyote wamekufa shambani, na deni lao halijulikani, na minazi yao ikagombaniwa na ndugu mpaka leo.

MAMBO YA KUTENDA

Mwenye kuandikiwa siku atende mambo haya, moja moja, wala asiyaache mpaka usiku wa mwisho.

La kwanza, aandike madeni: anayodai na anayodaiwa, hata kilo mbili za sukari dukani. Awezalo alilipe, na asiloweza amkabidhi mtu mwaminifu mbele ya mashahidi. Na amana za watu azirudishe.

La pili, aandike mashamba na minazi na mikorosho, kipi chake na kipi cha urithi usiogawanywa bado. Na wake zake na watoto wake wote awataje, asifiche hata mmoja. Akitaka kuusia, asizidi theluthi, wala asimwusie mrithi ila warithi wengine waridhie.

La tatu, aende kwa aliowakosea. Asingoje waje. Aseme: «Nimekuja kutaka radhi, na ulilonifanyia nimekusamehe.» Maneno haya ni mafupi, na mtu aliyeyasema aghlabu hulala usiku huo usingizi alioupoteza kwa miezi. Na ugomvi wa mke na mume umalizwe kabla ya kutoka mlangoni.

La nne, aombe ushauri wa tabibu na asali istikhara. Vyote viwili, na kimoja kisishike mahali pa kingine. Wala asingoje ndoto. Akishaswali aliendee jambo aliloliazimia, na kama halina kheri, Mola atalizuia.

La tano, ajifunze sala ya mgonjwa kabla ya kwenda. Imran bin Husein (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, alimwuliza Mtume (S.A.W.), akafundishwa aswali wima, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Mwenye kidonda kilichofungwa amwulize mwalimu wake khabari ya udhu na tayamamu, asije akaacha sala kwa kudhani kwamba amesamehewa.

La sita, aende na mtu mmoja mwenye moyo, si kundi la watu wenye kulia. Na jamaa wajizuie na visa vya fulani aliyekwenda asirudi. Kumtembelea mgonjwa ni ibada. Kumtisha si ibada.

La saba, akitoka salama asifiche. Mtu mmoja aliyerudi Mkongo na afya, akasujudu katika safu ya mbele, huwafaa wenye maradhi kama yake kuliko mawaidha mengi. Na dawa zikigawiwa azinywe pamoja na watu wake, na alale ndani ya chandarua, ili mbu wasipeleke kwa mwanawe yaliyompata yeye.

Na ikiwa amefanya haya yote, kisha ajali yake ikamkuta huko ng'ambo ya mto, hakupoteza kitu. Amekufa naye yumo katika kutafuta dawa aliyoamrishwa, deni lake limejulikana, radhi amezipata, na ulimi wake una dhikri. Ni wangapi walio barazani waliojipatia mwisho kama huo? Na akirudi, naye ndivyo wengi warudivyo, amerudi na afya, na juu ya afya amerudi na nyumba iliyotengenezeka. Katika njia mbili hizi hakuna ya khasara. Khasara imo katika njia ya tatu, ya aliyekaa: maradhi yabaki, na khofu yabaki, na wasia haukuandikwa, na mauti yaja vile vile.

Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuyatamani mauti kwa ajili ya dhara iliyompata, akafundisha kwamba aombe ahuishwe maadamu uhai ni kheri kwake, na afishwe mauti yakiwa ni kheri kwake. Dua hiyo ndiyo ya kwenda nayo katika kivuko, na katika kitanda, na chini ya taa ya tabibu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wa Mkongo na wa bonde lote la Rufiji, na wagonjwa wa Kiislamu popote walipo. Itulize mioyo yenye khofu, na mikono ya matabibu iongoze. Aliyemo njiani mfikishe, aliyefika mponye, aliyepona mjaalie mwenye kushukuru. Na utakayemwita kwako, mwite naye yu tayari, umeridhika naye. Amin.

Wabillahi taufiki.